Tenda Haki Bila Kutafuta Macho ya Watu: Mwongozo Kamili kwa Mkristo wa Goma

Mwezi wa Juni 2021, sisi tuliokimbia volkano hadi Sake, mji jirani, tulipoanza kurudi Goma, kanisa letu lilikusanya msaada kwa ajili ya jamaa zilizochomewa nyumba na volkano upande wa Buhene. Nilileta mfuko wa unga wa mahindi wa kilo 25 na sufuria mbili. Jumapili iliyofuata, mwandishi wa kanisa alifungua daftari akasoma majina ya waliotoa, na kwa kila jina watu walipiga makofi. Akafika mwisho, akafunga daftari. Jina langu halikuwamo. Nilisikia masikio yanapata moto. Mahubiri ya siku ile sikushika hata neno moja, maana nilikuwa nahesabu ni nani aliyetoa kidogo kuliko mimi na bado akapigiwa makofi.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, tukikanyaga yale mawe meusi yaliyoachwa na volkano ya 2002, na njia nzima nilikuwa namlalamikia mama wa watoto. Aliniacha niseme mpaka nikachoka. Kisha akauliza, "Papa, ule unga tulimpelekea nani?"

Sikuwa na jibu. Unga ulikuwa umefika kwa wenyewe, watoto wao walikuwa wamekula ugali, na mimi nilikuwa nimekasirika kana kwamba umeibiwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijifunza, taratibu na kwa kuanguka mara nyingi, namna ya kutenda jambo jema kwa nia safi. Haya ninayoandika ndiyo niliyoyajaribu mwenyewe, na ndiyo ninayowafundisha vijana wetu wanaojiandaa kubatizwa.

Kwanza uelewe unatafuta nini

Yesu alisema, "Angalieni msifanye wema wenu machoni pa watu, kusudi mtazamwe na wao" (Mathayo 6:1). Lakini sura moja nyuma yake, kwenye 5:16, alikuwa amesema nuru yetu iangaze mbele ya watu, "wapate kuyaona matendo yenu mema, wamtukuze Baba yenu aliye mbinguni." Wengi wanaona maneno haya yanagongana. Soma tena polepole: tofauti iko kwenye neno "kusudi" na kwenye swali la nani anatukuzwa. Mtu kukuona si dhambi. Shida inaanza pale unapotenda ili akuone.

Aya inayofuata inasema wanafiki "wamekwisha kupata thawabu yao." Neno la Kigiriki lililotumika pale ndilo lile wafanyabiashara wa wakati ule walilokuwa wakiandika kwenye risiti, maana yake: nimelipwa yote, hakuna deni tena. Mtu aliyetoa ili apigiwe makofi akapigiwa makofi, hesabu yake imefungwa. Ndiyo maana ninaona ule mwandishi kuruka jina langu ilikuwa huruma ya Mungu kwangu, ingawa siku ile sikuiona hivyo.

Na jambo jingine tuliseme mapema. Nia nzuri haigeuzi tendo baya kuwa jema. Nimesikia wakristo wakisema, "Nilitoa kitu kidogo ofisini, lakini nia yangu ilikuwa mtoto apate karatasi zake haraka." Moyo wa mzazi tunauelewa. Lakini haki inataka vyote viwili, tendo lenyewe na kinacholisukuma, na kimoja hakilipi deni la kingine.

Hatua ya 1: Chagua tendo moja tu la wiki hii

Usianze kwa kusema "nitasafisha moyo wangu wote." Yeremia 17:9 inasema moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote, na ukiingia humo bila taa utapotea. Chukua tendo moja ambalo tayari umepanga: kumtembelea mgonjwa hospitali, kuimba Jumapili, kumkopesha ndugu, kutoa fungu la kumi. Liandike kwenye karatasi. Chini yake ujibu kwa ukweli maswali mawili:

Nikifanya hili na asijue mtu yeyote mpaka nife, je, bado nitalifanya?

Mtu mwingine akisifiwa kwa kazi niliyoifanya mimi, nitafanya nini?

Jibu la pili ndilo linaumiza, kwa hiyo ndilo linasema kweli zaidi. Usijipambe, maana karatasi hii hakuna atakayeisoma. Mithali 16:2 inasema njia zote za mtu ni safi machoni pake mwenyewe, na jibu lako la kwanza mara nyingi litakuwa safi mno. Liache lilale usiku mmoja, asubuhi ulisome tena.

Hatua ya 2: Jifunze kutoa kwa siri, na ujue mahali ambapo siri haifai

Kutoa kwa siri katika mji wetu kunataka akili. Ukituma pesa kwa simu, jina lako linatokea kwenye ujumbe wa anayepokea. Ukipeleka mfuko wa makala (makaa ya kupikia) mwenyewe, mtaa mzima unakuona. Njia ambazo nimeona zinafanya kazi ni hizi. Nenda shuleni ulipie ada ya mtoto wa sekondari aliyefukuzwa, uombe karatasi iandikwe jina la mtoto tu. Mpe mama shemasi makuta, yaani pesa, umwambie, "Mama, mpelekee yule mjane, ukiulizwa sema ni ya Bwana." Au lipia maji kwenye bomba la mtaa, useme bidoni (madumu) ishirini za kwanza kesho asubuhi ni bure, na wewe kesho asubuhi usionekane pale.

Hapo kwenye "usionekane pale" ndipo nilishindwa mara ya kwanza. Nilipita karibu na bomba kama mtu anayeelekea kazini. Nilitaka kuona nyuso za wale wamama. Hakuna aliyenijua, lakini nilikuwa nimejipigia makofi mimi mwenyewe. Yesu anasema hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume, na ninaamini alikuwa na maana hiyo pia: wewe mwenyewe usisimame pembeni kujitazama.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa wengi wameharibu makanisa. Siri ni kwa sadaka *yako*. Pesa za watu wengine hazina siri. Kama wewe ni mweka hazina wa kwaya, wa shirika, wa likelemba (mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu), au wa kanisa, usije ukatumia Mathayo 6 kujifichia. Mtume Paulo alipobeba mchango wa makanisa kwenda Yerusalemu hakubeba peke yake. Alisafiri na ndugu waliochaguliwa, na sababu aliieleza waziwazi: mtu asije akawalaumu kwa ajili ya karama ile, wakifikiri mapema yaliyo mema "si mbele za Bwana tu, ila na mbele ya wanadamu" (2 Wakorintho 8:20-21). Kwa hiyo wahesabu watu wawili au watatu, daftari liwe na saini zao, na hesabu isomwe mbele ya wote. Kiongozi anayesema "mimi ninatoa hesabu kwa Mungu pekee" anakaa mahali pa hatari, hata kama moyo wake ni mweupe.

Anania na Safira, katika Matendo 5, hawakuhukumiwa kwa sababu walibakiza sehemu ya pesa ya kiwanja. Petro alimwambia Anania wazi kwamba kiwanja kilikuwa chake, na hata baada ya kukiuza, thamani yake ilikuwa katika uwezo wake. Walichotaka ni sifa ya kutoa vyote kwa bei ya kutoa sehemu. Kama wangesema, "Mitume, hii ni sehemu tu," wangerudi nyumbani kwa amani.

Hatua ya 3: Pima sala yako ya faragha na ile ya hadharani

"Ingia katika chumba chako cha ndani," anasema Bwana. Kijana mmoja aliniuliza, "Papa, sisi tuko watu wanane katika vyumba viwili vya mbao. Chumba cha ndani nitakitoa wapi?" Swali la haki kabisa. Nilimwambia kwamba neno lile la Kigiriki lilitumika pia kwa ghala, mahali pa kuwekea chakula. Haukuwa lazima uwe ukumbi wa kifahari. Kwako inaweza kuwa pembe ya makala, au ile njia ya kwenda ziwani kuchota maji saa kumi na moja asubuhi wakati mji bado umelala. Mlango unaotakiwa kufungwa ni ule wa kusikilizwa na watu.

Fanya hivi kwa wiki mbili: kila siku kumbuka umesali dakika ngapi mbele ya watu, na ngapi peke yako. Kama kwenye mkesha unasali dakika kumi kwa sauti inayotikisa mabati, na nyumbani unasali dakika moja huku umeshika simu, usijilazimishe kwanza kuongeza ya nyumbani. Punguza ya hadharani. Ukiombwa kufunga ibada kwa sala, sema sentensi tatu uketi. Utasikia upungufu, kama mtu aliyenyimwa chumvi, na upungufu huo utakuonyesha kilichokuwa kikikulisha.

Kuhusu kufunga, neno moja tu. Ukiwa umefunga kwa siri na jirani akakukaribisha sahani ya sombe (majani ya mihogo) na sambaza (samaki wadogo wa ziwa), ule. Funga kesho. Afadhali kufunga kuvunjike kuliko kumwambia, "Samahani, mama, niko katika maombi ya siku saba," hasa kama nafsi yako inafurahi kuyasema.

Hatua ya 4: Peleka haki sokoni na kazini

Hapa ndipo ninataka tukae, maana ibada ya Jumapili ina saa tatu na wiki ina siku sita nyingine.

Chukua kopo la kupimia maharagi. Ukilitazama kwa juu limejaa hadi kilima. Ligeuze uangalie kitako: kama kimegongwa kuingia ndani, kila mteja anaondoka bila kiganja kizima cha maharagi aliyolipia. Muuzaji anaweza kuwa anaimba wimbo wa sifa huku akipima. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, na Amosi sura ya 8 inawaonyesha wafanyabiashara waliokuwa wakingoja sabato ipite ili warudi kupunguza kipimo. Kama una kopo la namna hiyo, usilitafutie maelezo ya kiroho. Ligonge kitako kirudi nje leo, au ununue jipya.

Mwaka 2025, benki za Goma zilipofunga milango na pesa za mkononi zikawa adimu, wenye vibanda vya kutoa pesa kwa simu walijikuta na nguvu ambayo hawakuwa nayo. Mtu amekuja na mtoto mgonjwa, pesa yake iko ndani ya simu, na wewe ndiye mwenye noti. Utamkata kiasi gani? Gharama yako halali unaijua. Kinachozidi hapo unajua pia kimetoka wapi. Hakuna mchungaji atakayekuja kukuhesabia, na kwa sababu hiyo kibanda kile kinapima imani yako kuliko kiti cha mbele kanisani.

Orodha fupi ya kujikagua kila mwisho wa mwezi: mtoto wa kazi nyumbani amelipwa mshahara wake, kwa siku yake? Deni la duka la jirani, unalipita kwa njia nyingine ili asikuone? Saa za mwajiri, unazifanya kwa ukamilifu hata asipokuwepo? Wakolosai 3:22 inaita kinyume chake "utumwa wa macho," yaani kufanya kazi pale tu unapoangaliwa.

Na mji wetu una shahidi wake. Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa Goma mwaka 1981. Alisoma sheria, alikuwa mmoja wa Sant'Egidio, jumuiya ya walei Wakatoliki, na wakati wake wa ziada aliutumia na watoto wa barabarani, wale tunaowaita maibobo, akiwafundisha na kuwatafutia shule. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Vikaja vyakula vilivyoharibika, akaletewa pesa avipitishe. Alikataa. Alimuuliza mtawa mmoja aliye daktari kuhusu madhara ambayo vyakula vile vingewaletea walaji, kisha akaamuru viteketezwe. Alitekwa tarehe 7 Julai 2007, na siku mbili baadaye mwili wake ulipatikana. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, kanisa Katoliki lilimtangaza mwenye heri huko Roma.

Mimi ni mprotestanti, na simtaji ili tubishane kuhusu watakatifu. Ninamtaja kwa sababu ya uamuzi wake ndani ya ofisi, siku ambayo hakukuwa na kamera wala makofi. Wale ambao wangekula chakula kile hawakumjua. Asingeweza hata kushukuriwa, maana mtu hashukuru kwa ugonjwa ambao haukumpata. Ukitaka kujua nia safi inaonekanaje, iangalie hapo. Na usidhani ilianza siku ile mpakani. Mtu aliyezoea kukaa na maibobo, ambao hawana cha kumrudishia, alikuwa ameshajifunza kutenda bila malipo.

Sitakudanganya kwamba haki haina gharama hapa kwetu. Kama unaona hatari katika kazi yako, usikae nayo peke yako. Mwambie mtu unayemwamini mapema, andika tarehe na yaliyosemwa, na omba ushauri wa wazee.

Hatua ya 5: Dakika kumi za jioni

Watoto wakishalala, zima simu. Sali Zaburi 139:23: "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu." Kisha pitia siku yako tangu asubuhi, ukitafuta mahali pawili: pale ulipofurahi kupita kiasi na pale ulipoumia kupita kiasi. Furaha kubwa kwa sifa ndogo, au kidonda kikubwa kwa kusahauliwa kidogo, ndipo nia yako imelala. Hasira yangu ya mwaka 2021 ilikuwa kubwa kuliko mfuko wa unga, na ukubwa huo ndio ulionionyesha ugonjwa.

Ukipapata, pataje kwa jina lake mbele ya Mungu. Usiseme "nisamehe mapungufu yangu." Sema, "Bwana, nilimsahihisha yule dada mbele ya wenzake ili waone najua Biblia kuliko yeye." Kama kuna mtu uliyemuumiza, kesho uende kwake kabla ya kwenda kanisani. Mathayo 5:23-24 inatuambia hata tuiache sadaka mbele ya madhabahu kwanza.

Hatua ya 6: Ukikuta nia yako imechanganyika, usiache tendo

Watu wenye dhamiri nyepesi huumia sana hapa. Mama mmoja wa kwaya alitaka kuacha kuimba kwa sababu aligundua anapenda kusifiwa sauti yake. Nilimwomba asiache. Ukisubiri moyo usafike kabisa ndipo utende, jirani yako atakufa na njaa huku wewe ukijichunguza. Paulo akiwa kifungoni alijua kuna watu wanaohubiri kwa husuda na fitina, lakini alifurahi kwamba Kristo anahubiriwa (Wafilipi 1:15-18). Husuda yao hakuisifu, wala hakuomba mahubiri yasimame.

Kwa hiyo endelea kutenda, huku ukibadilisha kitu kimoja kinacholisha kiburi chako. Yule mama aliomba aimbe sauti ya pili badala ya kuongoza, kwa miezi mitatu. Mzee anayependa kukaa mbele akae nyuma kwa muda, karibu na mlango, asaidie wamama wenye watoto wanaolia. Tajiri wa shirika aendelee kutoa, ila aombe jina lake lisisomwe.

Na jihadhari na mtego wa mwisho: kujivunia unyenyekevu. Mfarisayo wa Luka 18 alishukuru kwamba yeye si kama watu wengine. Ukijikuta unashukuru kwamba wewe si kama yule mfarisayo, rudi dakika kumi za jioni.

Hatua ya 7: Tafuta mtu mmoja wa kukuambia ukweli

Kujichunguza peke yako kuna mwisho wake, kwa sababu mchunguzi na mchunguzwa ni mtu yule yule. Chagua mtu mmoja. Asiwe anayekutegemea kwa pesa, maana atakuogopa. Asiwe anayekushangaa, maana atakusifu. Awe anayejua kunyamaza nje na kusema ndani. Mwambie hivi kwa maneno yako: "Ukiona ninafanya kitu ili nionekane, uniambie, na sitakukasirikia." Halafu akikuambia, usijitetee siku hiyo hiyo. Sema asante, ukalale nalo.

Wengine watamchagua mzee wa kanisa au rafiki wa miaka mingi. Mimi niliye naye ni mama wa watoto. Jumapili tukifika nyumbani, kabla hajafungua kitenge cha kanisa, bado huniuliza habari ya ule unga, ingawa siku hizi ni sala niliyosali, au neno nililosema kwenye kikao cha wazee. Jumapili iliyopita nilimjibu kwa maelezo marefu sana. Hakubisha. Aliweka maji ya ugali kwenye mbabula, jiko la makala, akapuliza makala, akaninyamazia mpaka yakachemka, na mimi nikaanza kumjibu upya.